Ndege ya Mzee Deo na Utani wa Masanja

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, mmoja wenu aliniuliza ni gari gani lilinisumbua kuliko yote katika miaka yangu ya gereji. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri, na sasa nina muda wa kuandika. Halikuwa gari. Ilikuwa ndege. Wengi wenu mnalijua tu lile banda refu la nyuma mnapoegesha pikipiki. Nitaeleza lilijengwa kwa ajili ya nini.

Mwenye gereji alikuwa Deogratias, Mluguru wa Kinole, kwenye milima ya Uluguru, ambaye sasa amelala makaburini kwao huko huko juu. Mjini tulimwita Mzee Deo. Alianza maisha kwa kushusha ndizi, mananasi na mdalasini kutoka mlimani, kwanza kichwani, kisha kwa lori la kukodi, hatimaye kwa malori yake mwenyewe. Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, wafanyabiashara wenzake waliagiza redio, vitenge na magari ya Japani yaliyotumika. Yeye aliagiza gasketi za magari ambayo hata waliokuwa wakiyaunda walikwisha kuyasahau. Watu walisema amerukwa na akili. Hakubishana nao. Alisema miaka ya uhaba ilitufundisha sote kuua gari moja ili jingine litembee wiki mbili, na kwamba ni lazima mtu mmoja aanze kurudisha.

Nilifika kwake nikiwa kijana kutoka Upare, nina cheti cha darasa la saba na kitabu kimoja cha injini, cha Kiingereza, nilichokisoma kwa kamusi mpaka kikaachana na jalada lake. Nilidhani atanihoji niliyoyasoma. Alinipa kabureta ya Peugeot 404, gunia safi na bakuli la petroli.

"Ifungue," alisema. "Usitengeneze kitu. Kila kipande unachotoa, kipange kwenye gunia kwa mfuatano uliokitoa."

Akaenda zake. Jioni alirudi, akachuchumaa, akautazama ule mstari wa vipande.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Mbonea, mzee."

"Mbonea, springi hii ilitoka kabla ya hii, au baada?"

"Kabla."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Basi kesho utaifunga. Na hilo gunia ulifue, ni la mke wangu la mchele."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mpangilio ule wa gunia bado mnaufuata, ingawa ninyi mnatumia trei za plastiki, na siwalaumu.

Sheria yake nyingine hamkuikuta. Ilikuwa inasema, "Hapa gari halili gari." Maana yake, ni marufuku kung'oa kifaa katika gari moja bovu ili kuliponya jingine. Tulikuwa na Land Rover ya zamani iliyotoka misheni, Morris ya mwalimu mstaafu, Zephyr iliyokaa chini ya mkorosho mpaka mti ukaota kupitia sakafu yake, na ile 404 aliyoipenda kuliko zote. Kila moja ilingoja kifaa chake. Kama hakipatikani, tulikichonga kwenye mashine. Kama hakichongeki, gari lilingoja. Mteja mwenye haraka alielekezwa kwa mafundi wa barabarani, kwa heshima kabisa.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Masanja, Mnyamwezi aliyejifunza ufundi kwenye reli kabla ya kuja kwetu. Alikuwa na mikono minene, lakini angeweza kuvaa ringi ya pistoni kama anamvalisha mtoto soksi. Yote ninayoyajua kuhusu kusikiliza injini nimeyatoa kwake. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha valvu, na mpini sikioni, akifumba macho kama mtu anayesikiliza siri. Kisha anasema ni silinda ipi.

Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara, na wale wawili walilichukua jambo hilo kama kazi ya pili. Mzee Deo alimzidi Masanja umri, lakini sikuwahi kumsikia Masanja akimpa shikamoo. Salamu zao za asubuhi zilikuwa hivi:

"Mluguru, umeshuka mlimani salama? Ngedere wenzako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakuulizia. Wanasema yule mpagazi aliyekuja na pembe za ndovu akasahau njia ya kurudi Tabora, amepata pa kulala?"

"Nimepata. Shamba la babu yako. Nimeshalipima, kesho nalima."

"Lima, ila mwinuko ule utakushinda. Mnyamwezi akiona mlima anadhani ni mzigo, anauliza nani atamtwisha."

Sisi wengine tulikuwa tukitafuta spana na kucheka kwa chini. Mteja mgeni angedhani wanakaribia kupigana. Ukweli ni kwamba siku Masanja asipofika kazini, Mzee Deo alizunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo.

Sasa ndege. Mashamba ya mkonge yalipoanza kuuzwa, Mzee Deo alihudhuria minada yake yote, na kwa kawaida alirudi na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Siku moja alitupeleka kwenye shamba moja ng'ambo ya Kingolwira. Ndani ya ghala lililobomoka ilikuwepo Cessna ya viti vinne, ya zile zenye gurudumu dogo mkiani, iliyokuwa ikitumiwa na meneja wa zamani kukagulia mashamba. Kuku walikuwa wamehamia. Mmoja alikuwa ameatamia kwenye kiti cha rubani, na alitutazama kama sisi ndio tumeingia bila hodi.

Masanja aliizunguka, akapiga bawa kwa kidole.

"Mluguru, huu ni mtego wa panya."

"Ni ndege."

"Naona kuku."

"Wewe ngoja," Mzee Deo alisema, na alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikupata kumwona.

Alitueleza njiani wakati tunarudi. Alipokuwa mtoto, ndege ile ile au mwenzake ilikuwa ikipita chini bondeni, na yeye yuko juu Kinole akilinda ndizi. Watu wengine, alisema, huanza kuijua ndege kwa kuliona tumbo lake. Yeye aliuona mgongo kwanza. Aliona kichwa cha rubani kupitia kioo cha juu, na tangu siku hiyo alitaka kuwa kichwa kile. Si abiria. Alilirudia jambo hilo mara kadhaa: asingejisumbua na kazi yote hiyo ili apandishwe na mtu. Ataijenga, kisha ataiendesha mwenyewe, kutoka uwanja mdogo wa ndege wa mjini mpaka juu ya kwao.

Mkewe, Mama Tekla, aliitazama ikishushwa kutoka kwenye lori mbele ya lile banda refu iliyojengewa, mabawa yamefungwa kamba pembeni, akasema, "Sisi Wakatoliki tumeruhusiwa mke mmoja. Subirini padri alione hili banda la mke wa pili."

Kazi ile ilichukua miaka. Nawaambia ninyi mnaotaka kila kitu kiondoke kabla ya magharibi. Sheria inataka ndege itengenezwe chini ya injinia mwenye leseni, naye alikuja kutoka Dar es Salaam kila alipopata nafasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema "samahani" kabla ya kutuvunja moyo. Tuligonga ribiti zinazoshika bati za bawa la kushoto kwa majuma mengi. Alipokuja alipitisha kidole, akasema, "Samahani, ndugu zangu," tukazitoa zote tukaanza upya. Alikuwa sahihi. Zilikuwa zimelala upande kidogo, kama meno. Alitufundisha pia kufunga waya kila nati, ili hata ikilegea isigeuke. Gari likizimika njiani unashuka unasukuma, alisema. Huko juu hushuki.

Mzee Deo mwenyewe alivaa ovaroli kila baada ya saa za biashara. Jumamosi alikwenda Dar kujifunza urubani. Alipimwa afya, akapewa kibali cha mwanafunzi, akaruka na mwalimu wake mara nyingi. Kisha biashara ya malori ikabana, kibali kikaisha muda, naye akasema atapimwa upya ndege ikiwa tayari. Hakuona sababu ya haraka. Hakuna aliyeiona.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Alikuwa akigonga mlango wa stoo kwa bega la kushoto. Alikuwa akijikwaa kwenye jeki iliyokuwa pale pale siku zote. Unamnyooshea spana kwa pembeni, haipokei, mpaka uilete mbele ya kifua chake. Lakini angeweza kusoma maandishi madogo kabisa kwenye kitabu cha vipuri bila miwani, na kupima mwanya wa plagi kwa macho tu, akapatia. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba haoni. Sisi vijana tulimwonea haya mzee wetu, tukahamisha jeki.

Masanja hakuhamisha kitu. Kila Mzee Deo alipogonga nguzo, alipaza sauti gereji nzima isikie.

"Mmeona? Mluguru amezoea njia za mbuzi. Mpe uwanja mpana, anatafuta ukuta auegemee!"

"Nguzo hii umeisogeza wewe, mpagazi."

"Macho yako yamekufa, Mluguru. Nakwambia yamekufa, yazike. Ukipanda kwenye hicho kibanda chako cha kuku utaugonga mlima wa babu zako, na mizimu ikudai fidia."

Mzee Deo alicheka mpaka akashika ubavu. Sote tulicheka. Masanja alirudia maneno hayo kwa sura mbalimbali mwaka mzima na zaidi. Siku nyingine alimfuata mpaka mlangoni akimwambia, "Kapimwe, Mluguru, hospitali wanapima hata nyani," na mwenzake alimjibu kwamba ataenda siku Wanyamwezi watakapopimwa akili. Jambo hili nimelifikiria sana. Kati yetu wote, ni mtani peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa wetu ukweli usoni, na aliutumia uhuru huo wote. Lakini neno la mtani halina uzito wa kumwinua mtu kitini. Linasemwa ili lichekwe.

Kisha tukaenda Ngerengere kutazama trekta la zamani. Tulirudi kwa ile 404, Mzee Deo akiendesha, Masanja kushoto kwake, mimi nyuma. Mchana mweupe, barabara tupu. Karibu na njia ya kuingia Kingolwira nilimwona mtu wa baiskeli akitokea kushoto, na matenga mawili ya nyanya na kabichi nyuma. Alikuwa mbali ya kutosha. Mtoto angemwona. Nilingoja gari lipunguze mwendo.

"Baiskeli," Masanja alisema.

Gari halikupungua.

"Baiskeli, Mluguru! Baiskeli!"

"Wapi?" Mzee Deo akauliza.

Masanja alishika usukani akauvuta. Tuliikosa baiskeli yenyewe, tukagonga matenga. Mwenye baiskeli aliviringika majanini akasimama akichechemea, mkono umechubuka kuanzia kiwiko. Alikuwa mkulima kutoka milimani, amevaa rozari shingoni, na hata hakututukana. Alikaa chini katikati ya nyanya zake akaanza kuokota zilizobaki nzima, moja moja. Tulimpeleka zahanati, Mzee Deo akashughulikia yote yaliyopaswa, na akamwomba radhi kwa Kiluguru huku amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Njia nzima ya kurudi aliendesha Masanja. Mzee Deo alikuwa akisema, "Alitokea wapi yule? Barabara ilikuwa nyeupe. Mbonea, wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mzee," nilisema.

Akayafikicha macho. Nilisubiri Masanja atoe mzaha. Kulikuwa na nyanya iliyopasukia kwenye kioo cha mbele, inateremka taratibu, na kwa kawaida hiyo ingemtosha Masanja kwa mwezi mzima. Aliwasha waipa akaifuta tu, akaendelea na barabara mpaka mjini.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunafungua milango ya gereji. Mzee Deo aliingia, akasimama mahali pake akisubiri kutukanwa. Masanja alitoka kwenye shimo la ukaguzi, akafuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akavua kofia.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema.

Nilikuwa nimeshika boneti la Morris, na nakumbuka nililishusha polepole lisipige kelele. Mzee Deo hakuitikia. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Masanja," alisema, "nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mzee."

"Mama Tekla?"

"Yuko nyumbani, nimempita sasa hivi anafagia. Hajafa mtu. Nakuomba uende ukapimwe macho. Leo sikutanii."

Walitazamana. Au tuseme Masanja alimtazama, maana sasa najua Mzee Deo alikuwa akiona kitu gani: kofia mikononi, na kitambaa, na pembeni hakuna kitu.

"Marahaba," alijibu hatimaye, kwa sauti ndogo. Akaingia ofisini akafunga mlango.

Nilimsindikiza Dar mimi. Daktari wa macho alimkalisha, akamwambia aitazame pua yake yeye daktari bila kugeuza macho, naye akaleta kidole kutoka pembeni. "Useme ukikiona." Nilikaa kwenye kiti cha ukutani nikiangalia kidole kile. Kilitoka usawa wa sikio, kikaja, kikaja. Nilitaka kumsemea. Kilikuwa karibu kufika mbele ya pua ndipo Mzee Deo aliposema, "Hapo."

Ni presha ya macho. Baadaye nilisoma juu yake kila nilichoweza kupata. Haiumi. Inaanza kula kutoka kingoni kama moto unaolizunguka shamba, na katikati panabaki penye nuru mpaka mwisho, kwa hiyo mwenyewe anaweza kutunga uzi kwenye sindano na asimwone ng'ombe aliyesimama ubavuni. Ikigunduliwa mapema huzuiwa kwa dawa ya matone. Kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Daktari alieleza haya taratibu. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Mzee, kwa muda wote huu hakuna mtu aliyekuambia?"

"Niliambiwa, daktari," Mzee Deo alisema. "Niliambiwa kila siku, tena na mtu ninayemwamini. Ila tulikuwa tunacheka."

Hakuuliza habari za leseni ya urubani. Ni mimi niliyeuliza, kwenye korido, na daktari alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

Nilidhani ndege itaishia hapo. Juma lililofuata Mzee Deo alivaa ovaroli yake kama kawaida. Ilikuwa imebaki kufungwa injini, propela na nyaya za usukani wa mkia, na alitaka viishe. Tuliamua bila kuambizana kwamba kila kitu kitaletwa mbele yake. Aliendelea kufunga nati kwa kugusa, na waya wake wa kufungia ulikuwa mzuri kuliko wangu. Injinia alipofika alipitisha kidole bawa zima, akarudi akapitisha tena, na safari hii hakusema samahani.

Kilichoharibika ni asubuhi zetu. Masanja alikuwa akiingia, anavua kofia: "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Masanja." Kisha kila mtu kwenye kazi yake. Gereji ikawa na adabu kama sakristia ya kanisa. Mzee Deo alijaribu kuirudisha hali ya zamani. Alimwita mpagazi, akamwita mlaji wa karanga, akamuuliza kama kwao Tabora wameshaona gurudumu. Masanja alitabasamu akiangalia chini.

Siku moja nilikuwa chini ya tumbo la ndege, wao wawili wako upande wa pili wa gurudumu, sikuweza kutoka.

"Masanja, nitukane," Mzee Deo alisema.

"Mzee?"

"Nitukane basi. Nimegonga bawa sasa hivi kwa paji la uso, umeniona. Umenyamaza. Kwa nini umenyamaza?"

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini usiweze? Mimi si Mluguru tena? Nimehama kabila?"

"Mdomo unakataa," Masanja alisema. "Nilikutukana mwaka mzima wewe unaangamia. Kila nikifungua mdomo nakumbuka ulivyoniuliza barabarani, 'Wapi?'"

Niliona viatu vya Mzee Deo vikisogea hatua moja karibu na vya mwenzake.

"Wewe ulisema," alimwambia. "Aliyecheka ni mimi."

Nilisikia Masanja anapenga kamasi kwenye kile kitambaa cha grisi.

Ndege ilipokamilika tuliisukuma nje ya banda na kuikokota mpaka uwanjani, watu wakitoka madukani kutushangaa. Mkaguzi alikuja akaipitisha. Mzee Deo aliomba kitu kimoja, aiwashe yeye. Tulimwingiza kwenye kiti, tukaweka vigingi mbele ya magurudumu, na mimi nikasimama nje ya mlango. Aliigusa kila swichi kwa mfuatano aliofundishwa, akitaja jina la kila moja. Propela ilizunguka, ikasita, ikashika. Aliipandisha sauti taratibu, akaishusha, akasikiliza, akaipandisha tena. Uso wake ulitazama mbele kupitia kioo, kwenye uwanja ambao sidhani kama aliuona zaidi ya upana wa boneti. Kisha akazima. Alikaa mle muda mrefu mikono iko juu ya usukani, nasi hakuna aliyemwambia ashuke.

Siku zilizofuata alitafuta mnunuzi. Mama Tekla alimsihi aiweke, hata kama ni ya kukaa tu. Alikataa. Ndege isiyoruka, alisema, inarudi kuwa banda la kuku, na hilo alikwisha kuliona. Kampuni moja ya kaskazini iliyokuwa ikipeleka watalii mbugani iliichukua, ikamtuma rubani wake aje aiondoe.

Rubani alikuwa kijana mwenye heshima. Alimsalimu Mzee Deo kwa kuinama, akaikagua ndege mwanzo hadi mwisho, akarudi macho yake yameng'aa.

"Mzee, sijawahi kuona kazi kama hii. Njoo twende mzunguko mmoja tu. Nitakupitisha juu ya milima, kisha nakurudisha hapa hapa."

Mama Tekla alimsukuma mumewe begani. "Nenda, baba. Nenda uone kwetu."

"Nitaona nini, mama?" alimuuliza, bila uchungu. Kisha akamgeukia rubani. "Nakushukuru, mwanangu. Lakini mimi sikujenga basi. Nenda salama, na mkia wake uuangalie unapotua, ni mtundu."

Ikawashwa, ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuka. Mzee Deo alisimama kwenye nyasi, fimbo mkononi, Mama Tekla nyuma yake kidogo, Masanja na mimi pembeni. Ilipotupita magurudumu yalikwisha kuacha ardhi. Upepo wake ulitupiga, ukapeperusha kofia ya Masanja mpaka kwenye mtaro, naye hakuifuata. Iliinuka vizuri, ikakunja kushoto, ikashika njia ya kaskazini, iking'aa kila ilipoyumba.

Sijui kama mmewahi kusimama pale wakati ndege inaondoka. Sauti huenda ikagonga Uluguru na kurudi, kwa hiyo baada ya muda mfupi mngurumo husikika zaidi kutoka milimani kuliko kule ndege iliko. Mzee Deo aligeuza uso pole pole akiifuata sauti. Akaipa mgongo ndege yake, akatazama kusini, kwenye miteremko ambayo siku hiyo ilikuwa safi haina wingu, na haikuwa na kitu chochote juu yake.

Nilimtazama Masanja. Mtu mmoja tu pale alikuwa na haki ya kusema, "Mluguru, unatazama siko." Midomo yake ilifunguka. Kisha akamsogelea, akasimama bega kwa bega naye, akaipa ndege mgongo yeye pia, akainua uso kuelekea milimani.

Mama Tekla akageuka. Nami nikageuka.

"Inapanda vizuri," Mzee Deo alisema.

"Inapanda, mzee wangu," Masanja alijibu.

Tulibaki hivyo mpaka mlima uliponyamaza.